Kutoka Utepe wa Redio hadi Kompyuta ya Chumbani

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuzuia vitu viwili visiingizwe nchini: kompyuta na seti za televisheni. Siyo utani. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imeshaingia tangu 1965, ikafungwa Wizara ya Fedha ili isaidie hesabu za serikali, lakini kadiri miaka ilivyokwenda ikaleta hesabu za kushangaza na gharama za kutisha, mpaka wakubwa wakaona heri yaishe. Amri ile haikufutika siku moja. Ililegea kidogo kidogo katika miaka ya themanini, na huku Bara televisheni yenyewe haikuonekana mpaka 1994.

Utaniuliza, ndugu msomaji, marufuku ya kompyuta na muziki wapi na wapi? Hebu tazama kalenda. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda wa Japani na Marekani walikubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha ala za umeme, wakaiita MIDI; kinanda cha kampuni hii kikaweza kukiamrisha kinanda cha kampuni ile, na kompyuta ikaweza kuviamrisha vyote. Mwaka 1985 ikatoka Atari ST, kompyuta ya nyumbani iliyokuja na matundu ya MIDI kutoka kiwandani. Mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ikatoa programu ya Cubase kwa ajili ya hiyohiyo Atari. Maana yake kijana wa Hamburg, akiwa chumbani nyumbani kwa mama yake, aliweza kutunga ngoma, besi na kinanda, akavipanga kwenye kioo, akasikiliza, akafuta, akarudia. Kijana wa Geita mwaka huohuo alikuwa na nini? Redio ya betri; na kama mjomba wake kule machimboni mambo yalimnyookea, redio kaseti.

Je, ina maana huku tulikaa kimya? La hasha! Usukumani muziki ulikuwepo tele kabla ya umeme. Baada ya mavuno pande mbili, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja, na kwa desturi mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia na kumzunguka, mwenzake akabaki anawachezea watoto na mbuzi. Hebu fikiria kazi ya mtunzi hapo: wimbo wake lazima usikike juu ya wimbo wa jirani. Wakulima nao walikuwa na nyimbo zao za jembe, nyingi kiasi kwamba mtafiti wa Marekani, Frank Gunderson, alizijazia kitabu kinene alichokitoa mwaka 2010. Na kabla yake, mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita Tanganyika na gari lake la mitambo akawarekodi watu wa makabila mengi, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwemo. Mitambo yake ilihitaji jenereta, na jenereta inanguruma, kwa hiyo iliwekwa mbali na waimbaji. Sauti alizokusanya leo ziko Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Mjukuu wa mwimbaji akitaka kumsikia babu yake, ndiko aulizie.

Kwa hiyo watunzi walikuwepo. Kilichokosekana ni chombo cha kurekodia kilichoko mikononi mwa mtunzi mwenyewe. Na historia yote ninayoieleza hapa, ukiichunguza, ni historia ya hicho chombo: nani anakishika, na nani anabaki nacho wimbo ukishakwisha.

Baada ya Uhuru chombo kilishikwa na redio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa redio ya taifa, na pia ndiyo ilikuwa studio ya taifa. Bendi ilipeleka mashairi yake yakapitiwa kwanza na kamati, kisha ikaingia yote pamoja: magitaa, tarumbeta, ngoma, waimbaji. Fundi mitambo anapanga maikrofoni, anahesabu, wanapiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Mpiga tarumbeta akiteleza dakika ya tano, wanaanza upya wote. Kumiksi kwenyewe kulifanyika pale pale kwa kumsogeza mtu karibu na maikrofoni au kumrudisha nyuma. Usidharau! Wale mafundi walikuwa na masikio, na ukisikiliza kazi za Mlimani Park au za Tabora Jazz utajua kwamba walijua walichokuwa wanafanya. Lakini utepe ulibaki kwenye kabati la redio. Bendi ilirudi nyumbani na sifa. Aliyetaka sahani ya santuri alipanda basi la Nairobi.

Miaka ya tisini ndipo kufuli likavunjika. Vijana wa Dar walikuwa wameanza kurapu juu ya midundo ya Wamarekani. Saleh Jabir alikwishawaonyesha mwanzoni mwa miaka hiyo kwamba Kiswahili kinakaa vizuri juu ya biti ya Vanilla Ice. Ila biti ya kuazima ni ya kuazima tu. Zikaja studio za watu binafsi: Mawingu ya kina Boni Luv, Don Bosco, MJ ya Joachim Kimaryo tunayemwita Master Jay, Bongo Records ya P-Funk Majani. Mwaka 1994 Radio One ikawa hewani na ikawa tayari kuzipiga. Hakuna tena kamati, hakuna watu kumi na wawili wenye tarumbeta. Yupo jamaa mmoja na kinanda, kompyuta na maikrofoni moja. Albamu ya Profesa Jay, Machozi Jasho na Damu, iliyotoka 2001 kwa mkono wa P-Funk, ndiyo iliyowafunga midomo wazee waliokuwa wakisema muziki wa kompyuta ni uhuni.

Lakini bado studio hizo zilikuwa Dar, na saa moja ya studio ilikuwa pesa. Kilicholeta mapinduzi vyumbani kilitoka Ubelgiji. Mwishoni mwa 1997 kijana mmoja, Didier Dambrin, akiwa na kampuni ya Image-Line, alitoa programu ndogo iliyoitwa FruityLoops. Mwaka 2003 ikabadilishwa jina ikawa FL Studio, ingawa kijiweni hadi leo tunasema Fruti. Ukiifungua unakutana na visanduku 16 vimepangwa mstari mmoja. Kila mstari ni chombo kimoja: kiki, snea, hai-hati. Unabofya kisanduku, kinawaka. Mashine inapita kushoto kwenda kulia, na penye taa panalia. Basi. Mtu asiyejua nota hata moja ya kizungu anapata mdundo ndani ya dakika mbili. Kwa nchi ambayo masomo ya muziki shuleni yalikuwa kwaya ya kumpokea mgeni rasmi, hii ilikuwa kama kufunguliwa ghala.

Tuseme ukweli, wengi hawakuinunua. Ilisafiri kwa sidii za kuchoma, ikaenda kwa flashi, mkono kwa mkono, pamoja na virusi vyake. Watu waliijifunza bila kitabu, kwa kubofya kila kitu na kuona kinacholia. Baadaye ndipo zikaja video za mafunzo za YouTube, nazo zikala bando kama panya mwenye njaa.

Geita ilikuwa wapi? Geita ilikuwa ng'ambo ya maji. Hadi Machi 2012 tulikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na Mwanza yenyewe ilikuwa upande wa pili wa ghuba, kwa kivuko cha Kigongo–Busisi. Daraja lilikuja kufunguliwa Juni 2025. Msanii wa Katoro aliyetaka kurekodi kitu cha maana alivuka kivuko na daftari lake, akatafute studio za Mwanza, kama Tetemesha ya Kid Bwoy, iliyothibitisha kwamba ngoma inaweza kupikwa Kanda ya Ziwa na ikapigwa Dar. Akikosa nafasi siku hiyo analala mjini, na nauli ya kurudi inaanza kumtazama.

Upande huu tulikuwa na kitu kingine: dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, huu mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na katikati na pembeni yake wachimbaji wadogo hawakuacha kuchimba Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko. Rashi ikitokea mahali, mgodi ukitema, kinaota kijiji cha maturubai ndani ya wiki: kwanza mama ntilie, halafu baa, halafu jenereta, halafu spika. Palipo na spika panahitajika nyimbo, na mteja mwenye pesa ya dhahabu anataka kusikia lugha ya kwao. Kwa maoni yangu ndiyo sababu studio za chumba kimoja za Geita, Kahama na Katoro hazikuishi kwa kuiga Bongo Flava peke yake. Zilishibishwa na nyimbo za Kisukuma. Waimbaji wa asili, ambao zamani walitegemea kundi zima la ngoma, waliingia chumba chenye trei za mayai ukutani na blanketi mlangoni, wakaimba juu ya ngoma za kompyuta, pamoja na majina ya watu waliolipia kutajwa. Hivi kuna tajiri wa karasha asiyependa kuimbwa?

Hapo ndipo somo gumu likaanza, na hapa naomba nikae kidogo.

Visanduku 16 vimegawanywa vinne vinne. Huo ni mwendo wa disko na hip hop. Ngoma ambayo kila pigo lake linagawanyika kwa tatu haiingii humo. Utabofya mpaka kucha ziishe, itabaki inachechemea. Tena kwa miaka mingi Fruti ilifunguka ikiwa na mwendo wa mapigo 140 kwa dakika, na kijana asiyejua kuubadilisha alimlazimisha mzee aimbe kwa 140. Kundi la ngoma halitembei hivyo. Linaanza polepole, manju anapandisha, wachezaji wanampandisha na yeye, kikifika kilele mwendo si ule wa mwanzo tena. Saa ya kompyuta haina habari hiyo. Nyimbo za mwanzo za namna hii utazisikia: mwimbaji anavuta huku, mashine inavuta kule, kama ng'ombe wawili wasiojuana waliofungwa jembe moja.

Dawa yake ipo, na prodyuza wa kweli anajulikana kwa hiyo. Unapanga hatua 12 badala ya 16. Au unafunga gridi kabisa, unamwita mpiga ngoma, unaweka maiki, anapiga, kompyuta inageuka kuwa utepe tu. Au unapiga vitufe kwa vidole vyako mwenyewe na kuacha makosa madogo yakae, maana hayo ndiyo yanayomfanya mtu atikise bega. Wenzetu wa singeli kule Dar walichukua programu hiyohiyo pamoja na ile ya madijei, Virtual DJ, wakaufukuza mwendo hadi juu ya mapigo 200. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Wazungu wakabaki midomo wazi. Programu ni moja, ila hawa walikataa kuikubali namba waliyoikuta humo.

Na kumiksi je? Wengi wanadhani kumiksi ni kuongeza. Kila chombo kinapandishwa sauti mpaka taa nyekundu ziwake, kisha mtu anasema spika mbovu. Mtu wa Geita hana sababu ya kukosea hapa, maana ameona mwalo. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unateremshwa na maji juu ya magunia, chepesi kinakwenda, kizito kinabaki. Kumiksi ni hivyo. Kiki na besi vinagombania sehemu ileile ya chini, kwenye mitetemo kama 50 hadi 100 kwa sekunde. Viache vyote viwili vijae na hutasikia hata kimoja, utasikia mngurumo. Unakata kidogo kwa huyu, unampa nafasi yule. Sauti ya mtu inaeleweka zaidi mitetemo elfu moja hadi elfu nne, na kinanda nacho kinapenda kukaa hapohapo. Kisogeze kushoto, au kipunguze mtu anapoimba. Mwangwi unautia kama chumvi. Halafu, na hili hakuna programu inayolifanya kwa niaba yako, unatoka na wimbo kwenye flashi, unausikiliza kwenye redio ya muuza chipsi, kwenye bajaji, kwenye simu ya bei rahisi isiyo na besi kabisa. Yule manju wa Bagalu aliyehakikisha wimbo wake unasikika juu ya Bagika alikuwa anafanya kazi hii bila kioo wala umeme.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera, ambalo sijasikia likizungumzwa vijiweni.

Kompyuta inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Dakika moja ya stirio ni kama megabaiti 10.6. Wimbo wa dakika nne wenye njia nane za sauti, kila moja peke yake, unakula karibu megabaiti 170 kabla hujaumiksi. Kompyuta za mwisho wa miaka ya tisini zilikuwa na diski ya gigabaiti chache, kwa hiyo prodyuza alifanya nini? Alimaliza wimbo, akatoa MP3 yenye uzito usiofika hata sehemu moja ya kumi ya wimbo kamili, akafuta yaliyobaki ili kesho apate nafasi. Tabia ile haikufa hata diski zilipokuwa kubwa. Mashine inapigwa Windows upya, au inauzwa kwa shida ya kodi ya nyumba, au radi ya Machi inaunguza kila kitu, na miaka mitano ya nyimbo za Kisukuma inabaki vipande vya MP3 kwenye memori kadi za maduka ya kuuzia nyimbo, bila jina la mpiga ngoma, wakati mwingine hata bila jina sahihi la mwimbaji. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA ipo tangu 2001, lakini mtu atadai nini kama hana hata faili?

Ndiyo kejeli yenyewe. Tracey alichukua sauti akaenda nazo mbali, ila zipo. Redio ilikalia tepu, ila zipo. Sisi tulioshika chombo wenyewe, chumbani kwetu, ndio tunaopoteza.

Wachimbaji wanalijua jambo hili kwa jina lake. Mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu unaitwa marudio. Kwa kawaida mchimbaji anaondoka na kidogo alichopata kwenye karai, mwenye mwalo anabaki na marudio kama malipo yake. Baadaye yanapelekwa kwenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi, na mara nyingi humo hutoka dhahabu ya maana kuliko ile ya kwanza. Njia za sauti ambazo hazijamiksiwa ni marudio. Aliye nazo anaweza kumiksi upya miaka kumi baadaye kwa masikio bora, anaweza kutoa ngoma peke yake akamfundishia mtoto, anaweza kuiuzia filamu. Mwimbaji anayeondoka na MP3 ameondoka na karai.

Flashi ya gigabaiti 16 inaingiza nyimbo kama 370 za dakika nne kwa WAV kamili. Zile za njia nane nane, ambazo hazijamiksiwa, zinaingia kama 90. Mwimbaji akienda studio aiweke mfukoni, na aitaje kabla ya kukubaliana bei, maana prodyuza akishafunga mradi na kumpokea mteja mwingine, kuifungua tena kazi yako atakuhesabia kama siku nyingine ya studio.